Binti Aliyeuona Mpira

Renata Wojcik sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sababu ninayo. Alipiga makofi.

Mtasema ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Chumba cha waandishi kiko juu kabisa ya uwanja wetu, nyuma ya vioo, na humo ndani hakuna anayeshangilia. Timu yako ishinde, ishindwe, ipae mbinguni, wewe unafunga mdomo unafanya kazi. Orville Stang wa gazeti la mji amekaa humo miaka thelathini na sijawahi kumwona hata akitabasamu mpira ukiwa mchezoni. Sasa katoto ka chuo, kamevaa fulana mpya ya Vipanga, timu yetu ya besiboli, ambayo hata mikunjo ya dukani haijaisha, kanaona mpira umevuka uzio wa nje, kanasimama, pa pa pa pa! Chumba kizima kikageuka.

"We binti," nikamwambia, "ukitaka kushangilia, tiketi zinauzwa chini."

"Samahani, mama."

"Mimi si mama yako. Mimi ni Bi Pruitt."

Ndivyo tulivyojuana.

Verna Pruitt ndiye mimi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja kwenye sekondari ya hapa Cutler Falls, Ohio, watoto wakanichukia na wengine nikawachukia vilevile, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mwandishi rasmi wa alama kwenye mechi za besiboli za Vipanga. Ligi ndiyo iliyoniweka pale, si timu. Kazi yenyewe ni hii. Mpigaji akiupiga mpira kwa gongo lake na kufika salama kituo cha kwanza, mtu mmoja tu ndiye anayeamua kwa nini kafika. Kama mpira ulikuwa mgumu kudaka, naandika pigo, mpigaji anahesabiwa sifa. Kama ulikuwa rahisi na mdakaji kauchezea tu, naandika kosa, na kosa hilo linamfuata mdakaji popote aendapo. Vijana hawa wanapandishwa kwenda timu kubwa au wanarudishwa kwao kwa namba hizo. Kwa hiyo sheria ni moja: kabla sijatamka, hakuna mtu wa timu anayeruhusiwa kunisemesha.

Renata alikuja kwetu mwezi wa tano, mwanafunzi wa fildi. Alitokea Lorain, kule kando ya ziwa, baba yake fundi wa mabasi ya shule, na alikuwa anamaliza masomo ya habari za michezo. Walikuwa wawili. Mwenzake aliitwa Prescott, mpwa wa mtu aliyenunua tangazo kubwa kuliko yote uwanjani, na bado sijajua Prescott alikuwa anasoma nini. Kila mwaka mkuu wa habari wa timu, Garth Lindahl, huleta wanafunzi wawili na mwisho wa kiangazi humpa mmoja ajira. Mmoja tu. Na Garth alipenda kuwakumbusha, kila asubuhi, akiwa na kikombe chake cha kahawa cha lita nzima mkononi.

"Nafasi ngapi?" anauliza.

"Moja, bosi," wanajibu.

"Na nyie mko wangapi?"

"Wawili, bosi."

"Haya, chapeni kazi."

Halafu anacheka peke yake. Mtu mzima na akili zake!

Garth alimwita Prescott "Pres". Na Renata, "Lorain". Lorain lete karatasi. Lorain, printa imekwama. Lorain, mvulana anayevaa vazi la kipanga la kuchekesha watazamaji anatapika, livae wewe. Na akalivaa, jua kali la mwezi wa saba, akacheza na watoto kwenye ngazi kwa saa tatu, akatoka humo ameloa chapachapa na uso mwekundu kama nyanya, akapanda juu kumalizia takwimu zake. Sikumsifu. Nilimwambia ananuka.

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Sijaja hapa kujipamba.

Alitaka kazi ile kwa njia ambayo ilinikera hata kuitazama. Wengine wakitaka kitu wanajifanya hawakitaki. Huyu hapana. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, akala chakula chake cha kopo akiwa amesimama kwenye printa. Siku moja alimwambia Orville, mbele yangu, kwamba tangu ana miaka tisa alikuwa akizima sauti ya televisheni ili atangaze mechi mwenyewe jikoni kwao, baba yake akiwa ndiye msikilizaji pekee, na kwamba ameshamwambia baba yake ahesabu tu, mwezi wa tisa atakuwa na meza yake hapa. Orville akaguna. Mimi nikasema, "Masikini baba yako."

Na kingine kilichonichoma. Mwezi wa sita alinikosoa. Nilikuwa nimemhesabia mrushaji wetu mpigaji mmoja zaidi ya aliowatoa nje. Kitu kidogo, lakini kimeandikwa na mkono wangu. Yeye akaja na karatasi yake, watu wote wanasikia.

"Bi Pruitt, nadhani awamu ya tano haijakaa sawa."

"Unadhani?"

"Nimeihesabu mara tatu."

Nikaihesabu na mimi. Alikuwa sahihi. Nikafuta, nikaandika upya, sikusema asante, na kuanzia siku hiyo kila nikisikia viatu vyake kwenye ngazi roho inanichafuka.

Sasa tuje kwa Osvaldo Peguero. Kijana wa Dominika, mpole, ana mikono myepesi ajabu. Kiangazi kile akaanza kupata pigo kila mechi. Mechi kumi, ishirini, ikafika thelathini. Rekodi ya ligi yetu ilikuwa thelathini na mbili mfululizo. Garth akapata wazimu. Akachapisha fulana, akaweka namba kubwa ukutani inayobadilishwa kila siku, akaita watu wa televisheni kutoka Cleveland. Renata ndiye aliyeandika kila neno la mambo hayo. Peguero alikuwa haongei na waandishi kwa sababu Kiingereza chake kilimtia aibu, na Renata akajifunza maswali yake kwa Kihispania kwenye simu, akamkalisha kwenye ngazi za uwanja wa mazoezi, akamsikiliza. Makala ile ilisomwa hadi nje ya jimbo. Garth akaweka jina lake mwenyewe juu yake. Lakini kila mtu alijua, na hata Garth alianza kusema, kwa shingo upande, "Lorain naye yumo."

Peguero akafika thelathini na mbili siku ya Jumamosi. Jumapili mchana, saa saba, uwanja ukajaa hadi watu wakakaa kwenye nyasi za nje.

Mara tatu za kwanza Peguero alitoka mikono mitupu. Ikafika awamu ya nane kati ya tisa, akaja kupiga, na kila mtu alijua hatapata zamu nyingine. Upande wangu wa kulia alikuwa Renata, kazi yake siku hiyo ilikuwa kubonyeza ubao wa matokeo nikishatamka. Orville alikuwa ameenda kuchukua soseji. Prescott alikuwa chini na kamera, na Garth alikuwa amemwagiza, nilimsikia mwenyewe, "Wewe mpira uache. Ganda usoni kwa Peguero tu. Nataka furaha yake."

Nikasikia harufu ya kahawa nyuma ya shingo yangu.

"Verna," Garth akasema taratibu, "leo mkono uwe mwepesi, mama. Ukiwa na shaka, mpe mtoto."

Miaka ishirini na miwili! Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Nikageuka nimwambie aondoke, na mdomo ulikuwa umeshafunguka niliposikia gongo limelia.

Nilipogeuka tena, mpira ulikuwa unabingirika nyuma ya mdakaji wa timu ya wageni, kijana namba sita, na Peguero anapita kituo cha kwanza mikono juu. Uwanja unapasuka kwa kelele. Namba sita alikuwa anajipiga glavu kwenye paja. Basi. Hicho tu ndicho nilichokiona, kijana kajipiga paja.

Ikitokea mwandishi wa alama hakuona, si aibu. Anauliza. Unasema, "Nani kaona?" na waliokaa karibu wanakwambia, nawe unaamua. Nimeuliza hivyo mara mia, siku jua limenipiga machoni, siku nimepiga chafya. Lakini nikiuliza, Garth atajua kwamba maneno yake yalinitoa mchezoni. Na yeye yule pale, ameshaanza kutabasamu, kama mtu aliyeshalipwa. Nikajisikia hasira hadi kwenye meno.

Nikavuta kipaza sauti cha chumbani. "Kosa. Namba sita."

Renata hakubonyeza. Alikuwa ananitazama mimi, siyo uwanja.

"Umesikia au nikuimbie?"

Akabonyeza. Herufi ya kosa ikatokea kwenye ubao, na watu elfu nane wakaanza kunizomea. Garth alinitukana tusi ambalo sitaliandika, akapiga mlango. Mechi ikaisha, Peguero hakurudi kupiga, na fulana zote zile zikabaki kwenye maboksi.

Wakatafuta picha. Lo, walitafuta! Prescott alikuwa na dakika mbili nzuri sana za uso wa Peguero, jasho, kope, kila kitu, na hata kipande kimoja cha mpira hakuna. Watu wa Cleveland nao walikuwa wameganda usoni hapohapo, maana Garth ndiye aliyewapangia. Garth akaiandikia ligi kwamba mimi sikuona. Nadhani alibahatisha. Ligi ikajibu kwamba Jumatatu saa nne asubuhi watasikiliza kwa simu, na kwamba hadi saa hiyo nina ruhusa ya kubadilisha mwenyewe, ninavyoona sawa.

Renata alinikuta kwenye maegesho, kando ya gari langu, jua bado kali. Alikuwa ameshika kitambulisho chake mkononi, anakivurugavuruga.

"Bi Pruitt, mpira uligonga ukingo wa nyasi ukaruka juu. Ulimpita bega. Hakuna ambaye angeudaka."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu, unaweza kubadilisha mwenyewe? Ukibadilisha mwenyewe, biashara imeisha. Mimi sitasema kwamba ulikuwa umegeuka. Sijamwambia mtu."

"Kwa hiyo unanitisha."

"Hapana! Mungu wangu, hapana."

"Garth kakwambia, nenda kamlainishe bibi, kazi ni yako. Si ndiyo?"

Hapo akapandisha. Sikujua ana sauti ile.

"Ndiyo naitaka kazi! Naitaka, kila mtu anajua naitaka, na nyie wote mnanicheka kwa sababu hiyo. Lakini mimi niliuona mpira. Yule namba sita hajakosea chochote. Na Peguero alipata pigo lake. Nifanyeje sasa, nisione?"

"Usione," nikasema. "Macho yako yana kiherehere." Nikaingia kwenye gari, nikawasha, na kwa kweli alilazimika kuruka ili nisimkanyage mguu.

Usiku ule kalamu ilikuwa mezani na fomu ya kubadilisha ilikuwa mezani. Nililala mapema, na nililala vizuri tu.

Asubuhi, ofisini kwa Garth, tulikuwa watatu, na katikati ya meza simu yenye sauti ya Bwana Abernathy wa ligi. Kando ya simu Garth alikuwa ameweka barua. Hakuificha. Ilikuwa imegeuzwa upande wa Renata, na hata mimi niliweza kusoma jina lake juu, na neno ajira, na tarehe ya kwanza ya mwezi wa tisa.

"Ni jambo jepesi," Garth akasema. "Binti huyu alikaa ubavuni kwa Verna. Atasema alichokiona, atasaini karatasi yake, halafu tutaenda kula."

"Bi Wojcik," simu ikasema, "mwandishi wa alama aliuona mpira ukipigwa?"

Renata alikuwa mweupe kama karatasi. Hakunitazama.

"Hapana, bwana. Hakuuona."

Garth akaegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa.

"Alikuwa anatazama wapi?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema nilikuwa nachonga penseli, na barua ilikuwa karibu na mkono wake kiasi kwamba angeigusa kwa kidole. Nikamwona anaitazama. Aliitazama vizuri, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayeisoma kwa mara ya mwisho.

"Alikuwa anamtazama Bwana Lindahl. Bwana Lindahl alikuwa amesimama nyuma yake, anamwambia awe na mkono mwepesi. Ndipo mpira ukapigwa. Mpira uligonga ukingo wa nyasi. Lilikuwa pigo."

Garth akaruka. "Uongo! Uongo mtupu! Sikuwepo hata karibu! Bwana Abernathy, huyu ni mwanafunzi, jua la kiangazi limempanda kichwani—"

"Bwana Lindahl, nyamaza kidogo. Bi Pruitt?"

Wakanigeukia wote. Hata simu ilionekana kunigeukia.

"Bi Pruitt, wewe tunakufahamu. Nakuuliza wewe. Bwana Lindahl alikusemesha wakati wa mchezo? Na uliuona mpira?"

Nilijua yote kwa wakati mmoja. Nikisema kweli, Garth anafukuzwa kazi, na mimi ligi inaniondoa, kwa sababu mwandishi aliyetamka kitu asichokiona, tena kwa kisirani, hana la kujitetea. Garth naye alijua. Mtu aliyeniita nije hapo kuning'oa sasa alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, na rekodi ya Peguero ameshaisahau kabisa. Mimi na yule mwanamume tumechukiana miaka tisa. Dakika ile tukaelewana bila neno.

"Niliuona mpira," nikasema. "Bwana Lindahl simkumbuki kuwa pale."

Renata alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa.

"Basi," Bwana Abernathy akasema, na nilisikia karatasi zake. "Neno la mwandishi rasmi linabaki. Kosa, namba sita. Bi Wojcik, unapotoa tuhuma za namna hii kwa watu waliofanya kazi miaka mingi, fikiria kwanza. Siku njema."

Simu ikakatika. Garth akachukua ile barua, akaikunja mara mbili kwa utaratibu kabisa, akaitia mfukoni.

"Lorain," akasema, "kitambulisho."

Renata akakivua shingoni, akakiweka mezani.

"Na ile karatasi ya chuo?" akauliza. "Unatakiwa kuijaza ili nihitimu."

"Nitaijaza," Garth akasema. "Nitaijaza vizuri sana."

Nikatoka mbele yake. Renata alinifuata kwenye korido, karibu na mashine ya soda, na nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Bi Pruitt," akasema. "Kiangazi chote nilidhani unanichukia kwa sababu unapenda mambo yawe sawa. Nilimwambia hivyo baba yangu. Nilimwambia, yule bibi ni mkali, lakini hasemi uongo."

Nikamwambia apishe, nina mechi saa saba.

Akapisha.

Prescott ndiye mwenye meza sasa. Namba sita wa watu alirudishwa kwao mwaka uleule, kwa makosa mengi ya kudaka. Peguero alipandishwa hata hivyo, akacheza miaka miwili, akaumia goti. Renata, Orville aliniambia, anajibu simu za wateja kwenye ofisi ya bima huko Lorain, na Orville aliponiuliza kwani nini hasa kilitokea Jumatatu ile, nilimwambia binti alikuwa mzembe.

Karatasi ya mechi ile iko kwenye makabati ya ligi. Awamu ya nane, kosa, namba sita, na chini yake sahihi yangu, imenyooka, safi, kama zote nilizowahi kuweka.